Mayai ya kuvuruga yenye mboga nyingi: kwanini yako yanatoa maji

#1 FundiGrili

Wakuu habari za asubuhi. Leo naweka kando mambo ya mpira nije na jambo la tumbo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti, madirisha, grili, natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri na nikishaingia saiti kula tena ni saa nane huko, hapo kama mama ntilie hajaishiwa. Kwahiyo cha asubuhi kwangu sio cha kuzugia, lazima kitu kikae tumboni. Chapati mbili na chai ya rangi ikifika saa nne tumbo linanguruma niko juu ya ngazi, na juu ya ngazi sio mahali pa mikono kutetemeka.

Basi kama miaka mitatu hivi najipikia mayai ya kuvuruga yenye mboga za kutosha, mayai manne, kitunguu, nyanya, karoti, hoho, mchicha ukibaki wa jana unaingia, viazi vikibaki vinaingia. Napika mwenyewe kwasababu mama watoto ana kichanga na hiyo saa ndo anapata kausingizi. Na muda wote huo mayai yangu yalikuwa yanatoka kama uji wa mgonjwa. Nikipakua, dakika mbili tu kuna bwawa chini ya sahani, chapati imelowa. Nikisema niyaache yakauke yanakuwa magumu kama sponji na maji ndo kwanza yanazidi. Nikajua labda ni mayai ya kisasa, nikanunua ya kienyeji kwa bei ya kuumiza, bwawa lile lile.

Kosa ni lile la wengi wetu. Napiga mayai kwenye bakuli, nakatia humohumo kitunguu nyanya hoho karoti, chumvi, nakoroga, namwaga kwenye kikaango. Sasa fikiria, nyanya hata ile unayoiona ngumu ni maji karibu asilimia 95, mchicha 90 na kidogo, kitunguu na karoti navyo viko kwenye 88, 89 hivi. Yai lenyewe robo tatu yake ni maji. Yaani unamwaga ndoo ya maji kwenye moto alafu unalaumu kuku.

Na tatizo la pili yai lina haraka. Ute mweupe unaanza kushika kwenye nyuzijoto 62 hivi, kiini 65 kwenda 70, wakati maji ya nyanya ili yaondoke inabidi yachemke, yaani 100. Kwahiyo nyanya ndo kwanza inaanza kulegea, yai limeshaiva zamani. Ukisubiri maji yakauke yai linazidi kujikaza na likijikaza linakamua maji yake lenyewe, kama unavyokamua dekio. Hapo unapata maji ya nyanya jumlisha maji ya yai. Unachemsha, haukaangi.

Sasa hivi nafanya hivi na sirudi nyuma. Kikaango kikipata moto ndo naweka mafuta ya alizeti, vijiko viwili vya chakula, kitunguu kimoja kikubwa kinatangulia pamoja na karoti niliyoikwaruza, na chumvi YOTE ya msosi inaingia hapo hapo, chumvi inavuta maji yatoke mapema. Dakika nne au tano mpaka kitunguu kilegee kianze rangi. Nyanya mbili zimekatwa ndogo zinafuata, moto naupandisha, na HAPO USIFUNIKE. Watu wanapenda kufunika sijui nani aliwafundisha, mvuke unapanda unagonga mfuniko unarudi chini, umefanya kazi ya bure.

Alafu sikiliza, hii ndo siri yenyewe. Nyanya ikiwa na maji sauti yake ni nzito, blub blub, kama maharage. Maji yakiisha sauti inabadilika inakuwa kali na kavu, chaaa, na ukiangalia pembeni mafuta yamejitenga yanang'aa. Kabla ya sauti hiyo yai lisikanyage kikaangoni. Hapo naweka viazi viwili vilivyochemshwa jana nimevikata vipande vya kidole gumba, navipa dakika mbili tatu vipate kaukoko, pilipili manga, binzari ya manjano kidogo sana. Hoho nusu na mchicha vinaingia mwisho kabisa, dakika moja basi, mchicha nishaukamua kwa mkono mpaka hautoi tone.

Napunguza moto mpaka chini kabisa, namwaga mayai manne niliyoyapiga, nahesabu mpaka kumi bila kugusa, alafu kwa mwiko wa mbao navuta taratibu toka pembeni kuja katikati. Usikoroge kama unasonga ugali. Yakiwa bado yanang'aa, hayajakauka kabisa juu, zima. Kikaango chenyewe kina moto wa kumalizia.

Tangu nianze hivi sahani inabaki kavu na mpaka saa saba sina habari na tumbo. Nyie mnafanyaje?

#2 Mama Wawili

Mwanaume anapika saa kumi na moja alfajiri ili mkewe alale, jamani huyu aletwe tumuone 😂

Ila kaka hapo kwenye chumvi nakubali. Mimi mama yangu alikuwa anatia chumvi kwenye kitunguu siku zote na hakujua sababu, anasema tu "kinaiva upesi". Ila mayai manne kwa mtu mmoja??

#3 FundiGrili

Sio peke yangu dada, nakula nusu, nusu naweka kwenye hotipoti ya saiti. Na yule mkubwa wa miaka sita akishtuka mapema ananipunguzia. Wengine wanawaza mimi mlafi kumbe nina wadau.

#4 mtoto_wa_forodhani

Assalam alaykum. Nyie watu wa bara mmeandika nyanya nyanya mpaka nimepotea, huku kwetu hizo ni tungule, na hiyo hoho yenu ni pilipili boga.

Niongeze kitu. Fundi unahangaika kukausha maji ya tungule moto mkubwa, kwanini usiyatoe kabla? Mimi naikata tungule kati kwa ubavu, naibinya ile mbegu na ujiuji wote unatoka kwenye kibakuli, nakatakata ile nyama tu. Muda unapungua nusu. Ule uji na mbegu siutupi, unaingia kwenye mchuzi wa mchana.

Na binzari ya manjano sawa lakini jaribu uzile (bizari nyembamba), punje zima nusu kijiko cha chai, ziingie kwenye mafuta KABLA ya kitunguu, zikianza kurukaruka na kunukia ndio kitunguu kifate, na kitunguu thomu punje mbili na pilipili mbichi moja. Ukishapakua ndimu robo na kotimiri juu. Wahindi wa hapa Mjini hupika hivyo hivyo mayai yao, wao huyaita bhurji, ni ndugu moja na hayo yako ila yao yana viungo zaidi.

#5 BachelaSugu

Wakuu mnaongea kama wote tuna majiko ya gesi na vikaango vya kutoka Dubai. Mimi niko gheto, jiko la mkaa, sufuria moja ya bati nyembamba ndo ya ugali ndo ya maharage ndo ya chai. Mkaa haupunguzwi kwa kitufe. Na mayai yananing'ang'ania chini mpaka nakula nusu nusu nakwangua. Nisaidieni mimi msiwasaidie matajiri

#6 FundiGrili

@BachelaSugu mdogo wangu mimi nimeanzia huko huko.

Kwanza mkaa unapunguzwa. Ule mlango mdogo wa chini ni kitufe chako, ufunge hewa isipite moto unashuka. Ukitaka ushuke chap, chota majivu kwa kijiko nyunyiza juu ya makaa. Mimi nilikuwa naanza mboga na moto ukiwa umekolea, mboga zikikauka naipua sufuria naiweka chini kabisa kwenye sakafu, namwagia mayai hapo chini nje ya moto, nakoroga, moto wa sufuria na wa mboga unayashikisha nusu, alafu nairudisha jikoni nusu dakika kumalizia. Bati jembamba lina tabia ya kuunguza katikati pembeni baridi, ukiipua unaiondolea hiyo tabia.

Pili, kung'ang'ania. Sufuria ipate moto ikiwa KAVU kwanza, mafuta yafuate yapate moto nayo, zungusha yapande mpaka ukutani. Mafuta yakiwekwa kwenye sufuria ya baridi pamoja na yai lazima lishike. Na yai lisitoke kwenye friji moja kwa moja, ingawa wewe friji najua huna, hapo umeshinda.

#7 Jikoni_Zamu_ya_Usiku

Mimi nafanya kazi jiko la hoteli, siitaji wapi. Mengi ya fundi ni sawa, nimefurahi hasa kwenye kuzima mapema, wengi hilo hawalijui. Sisi tunasema yai likionekana limeiva kikaangoni basi mezani limepitiliza.

Ila hamjagusa maziwa. Mayai manne na maziwa vijiko viwili yanakuwa laini zaidi, ukikosa maziwa hata maji kijiko kimoja. Na kila yai livunjie kwanza kwenye kikombe ndo ulimwage kwenye bakuli. Mwezi uliopita kijana mmoja jikoni kwetu kapasua mayai ishirini na tisa kwenye beseni, la thelathini likawa viza. Trei zima limekwenda na harufu haikutoka mpaka jioni.

#8 Mama Wawili

Maziwa tena?? Fundi katumia aya nne kuondoa maji wewe unayarudisha. Maziwa si maji tu yenye rangi

#9 Jikoni_Zamu_ya_Usiku

Dada sio nusu kikombe, ni vijiko viwili. Kile kimaji na mafuta ya maziwa vinakaa katikati ya yale mayai yasishikane kwa nguvu, ndo ulaini unatoka hapo. Tatizo ni watu wanaongeza maziwa ili mayai mawili yaonekane manne. Hapo ndo linatokea bwawa, na ladha inapotea.

#10 FundiGrili

Kwenye mayai matupu nakubaliana na wewe mkuu. Kwenye mayai yenye mboga nyingi siweki, ule unyevu unaobaki kwenye nyanya na kitunguu unatosha. Ila hilo la viza nimelipokea, mimi nilikuwa nategemea kuyatumbukiza kwenye maji, linalolala chini zima, linalosimama la zamani kidogo, linaloelea natupa. Yai likikaa unyevu unatoka kwenye vitundu vya ganda hewa inaingia ndo maana linaelea. Lakini kikombe ni uhakika zaidi, hasa mayai ya kienyeji ambayo hujui yameokotwa kichakani siku ya ngapi.

#11 msee_wa_nakuru

Wabongo mnaweza andika kitabu juu ya mayai 😂 lakini uzi ni mtamu, nimesoma yote nikiwa kwa lekcha.

Mimi niko Nakuru, mwanafunzi, pesa ni ile ile. Yangu huwa ni mayai mawili na kabeji. Kabeji ni bei ya chini na inajaza, unanunua kipande kwa mama mboga anakukatia nyembamba kama nyuzi, huna haja ya kisu. Kitunguu, kabeji, karoti, unakaanga hadi kabeji ionyeshe kahawia pale kwa kona, hapo inakuwa tamu kama imewekwa sukari, halafu mayai. Na ugali wa jana uliokatwa ukakaangwa pembeni. Ukila hiyo saa moja asubuhi hutafuti chakula hadi saa tisa, nakuapia. Sukuma pia inaingia lakini ikatwe nyembamba sana na ianze mapema, sukuma ni ngumu kuliko mchicha.

Sasa swali kwa fundi. Nilikaa Kampala miezi minne kwa attachment, pale Wandegeya rolex unakula kila kona. Yule jamaa hupiga mayai kwa kikombe, anakatia kabeji mbichi, nyanya, kitunguu, VYOTE MBICHI ndani ya yai, anamwaga kwa chuma, anaweka chapati juu, anageuza, anaviringisha. Hakuna maji. Haijawahi toa maji. Sasa kanuni yako inaenda wapi hapo?

#12 BachelaSugu

Fundi kabanwa hapa

#13 FundiGrili

@msee_wa_nakuru umenibana kweli, nimelifikiria hili toka mchana nikiwa nakata bomba.

Nadhani jibu liko kwenye upana. Yule wa rolex anafanya kwenye chuma kipana, mayai mawili anayatandaza yanakuwa membamba kama chapati yenyewe, moto ni mkali, maji ya mboga yana sehemu kubwa ya kutokea juu na hayana safari ndefu. Na mboga anaweka kiduchu, nyanya nusu, kabichi ya vidole vitatu. Mimi na wewe tunajaza kikaango kimoja mboga kibao na mayai kina cha vidole viwili, maji yatoke wapi? Alafu chapati nayo inafyonza kile kidogo kinachobaki, na hapo kulowa kidogo ndo utamu wake. Kwahiyo mboga kidogo, chombo kipana, moto mkali, changanya mbichi tu. Mboga nyingi kuliko mayai, zitangulie. Nimerekebisha kanuni, asante.

Na jamani rolex haihusiani na saa, ni "rolled eggs", yaani mayai ya kuviringisha, jina likapindishwa tu. Kuna mtu saiti anabisha mpaka leo.

#14 Nipo_Maskati

Nawasalimu kutoka Maskati. Mmenikumbusha nyumbani ingawa hata hapa tunayala kila asubuhi. Waomani wana mayai yao na tomato, kwenye vile vimgahawa vya chai utasikia watu wanaagiza beidh tamat, ni kitunguu na nyanya vinapikwa mpaka viwe kama rojo nzito, bizari kidogo, pilipili, mayai juu yake yanavurugwa. Wanakula na mkate mwembamba kama karatasi unaitwa rakhal. Nyanya wanaipika KWANZA, kama anavyosema ndugu fundi, na hawana haraka nayo. Waturuki nao nilifanya nao kazi wana menemen, ni nyanya na pilipili hoho na mayai, ila wao wanapenda yabaki na urojorojo wachovye mkate. Wenyewe hawakubaliani kama kitunguu kiingie au kisiingie, wanagombana kweli kweli, mimi nilikuwa nachovya tu.

Ninachotaka kusema, urojo wa makusudi uliopikwa ni tofauti na yale maji meupe ya bwawa. Rojo la nyanya iliyoiva lina mafuta na ladha, linashikana na yai. Kwahiyo asiyependa mayai makavu asiogope, apike nyanya vizuri tu, aache iwe nzito badala ya kuikausha kabisa.

#15 Mama Wawili

@Nipo_Maskati hapo umenisemea. Mimi makavu hayanipandi, lazima na chai pembeni ya kusukumia.

Swali langu mimi ni lingine. Nikiweka mayai kwenye hotipoti ya watoto saa kumi na mbili, wakifungua saa nne wanakuta yamekuwa ya KIJANI. Sio mboga, yai lenyewe, kijani cha kijivu, na harufu fulani. Mdogo analia anasema mama umenipa mayai yaliyooza. Ni mayai mazima kabisa nimeyapasua mwenyewe. Shida nini?

#16 FundiGrili

Dada hili nalo limenitesa!! Yangu pia yalikuwa hivyo nikadhani ni hotipoti chafu.

Nieleze kituko changu. Mimi kikaango nimejitengenezea mwenyewe, pleti ya chuma ya mm 3 nimeikata duara, nikaikunja kingo kwa nyundo, nikachomelea mkono wa bomba. (Chuma cheusi cha kawaida jamani, sio bati la geti lililopakwa zinki. Zinki ikipata moto mkali moshi wake unaumwisha, fundi yeyote anajua, na pia sio kitu cha kupikia.) Nikakisugua, nikakipaka mafuta nikakichoma mpaka kitoe moshi, nikarudia kama mara tano kikawa cheusi tii na mayai hayashiki hata kidogo. Najivunia kuliko geti lolote. Sasa mayai yakawa yanatoka rangi ya majivu, mama watoto akasema kikaango chako kinatoa kutu, ugomvi wa wiki nzima.

#17 Jikoni_Zamu_ya_Usiku

Wote wawili tatizo lenu ni moja na halihusiani na kuoza. Ute mweupe una salfa, kiini kina madini ya chuma. Yai likikaa kwenye joto muda mrefu vinakutana vinatengeneza hiyo rangi, ni kile kile kiduara cha kijani unachokiona kwenye kiini cha yai la kuchemsha lililopitiliza. Hakina madhara, ni sura mbaya tu. Hotipoti inayashikilia kwenye joto masaa yanaendelea kujipika humo. Sisi kwenye meza za bafe tunapigana na hili kila siku, ndo maana tunapika kidogo kidogo tunabadilisha.

Dawa ni mbili tatu. Yatoe motoni mapema zaidi kuliko ya kula hapo hapo. Weka kitu chenye uchachu, matone ya ndimu au hiyo nyanya iliyoiva, rangi inachelewa sana kutokea. Na fundi wewe kikaango chako cha chuma kinaongezea chuma kingine juu ya kile cha kiini, mayai yasilale humo, yakishika tu hamisha.

Ila dada Mama Wawili toka saa kumi na mbili mpaka saa nne ni masaa manne. Kama hotipoti yako imechoka na msosi unakuwa vuguvugu tu, hapo wasiwasi wangu sio rangi tena. Mayai ya vuguvugu yakizidi masaa mawili usiyaamini, hasa kwa watoto. Haya ya kuvuruga wale nyumbani kabla ya kutoka.

#18 Mama Wawili

Eeh Mungu wangu. Hotipoti ni ya mwaka juzi na mfuniko umelegea. Asante kaka, kesho nanunua nyingine na mayai wanakula mezani.

#19 BachelaSugu

Nimerudi na ripoti. NIMEFELI.

Nimeweka mayai mawili, nyanya nne (zilikuwa zimeiva sana nikaona zitaharibika), na chainizi fungu zima. Nimefuata kila kitu. Maji yametoka mpaka ningeweza kuweka wali

#20 mtoto_wa_forodhani

Tungule nne mayai mawili 😂😂 hapo umepika mchuzi wa tungule umeutia mayai. Hiyo chainizi uliikausha baada ya kuiosha au iliingia inachuruzika?

#21 BachelaSugu

Inachuruzika

#22 FundiGrili

Hapo hapo mdogo wangu. Majani yaoshe, yakung'ute, yatandaze juu ya kitambaa safi wakati unakata kitunguu. Chainizi shina lake nene ndo lina maji, tenganisha, shina liingie mapema na kitunguu, majani yawe ya mwisho. Nyanya moja kwa mayai mawili. Na sauti je, ulisikiliza?

#23 BachelaSugu

Kuna jirani ana sabufa sikusikia kitu

#24 msee_wa_nakuru

😂😂😂 nimekufa. Basi tumia macho bro, vuta mboga kando na mwiko, ukiona njia imebaki safi haijazwi na maji, umefika. Ikijazwa, ngoja.

#25 Nipo_Maskati

Hiyo ya njia ya mwiko nzuri sana, hata rojo la beidh tamat nalipima hivyo hivyo.

#26 BachelaSugu

Wakuu leo jumapili nimetulia nikarudia. Mayai matatu, nyanya moja nimeibinya mbegu kama alivyosema mtu wa Forodhani, kitunguu, karoti, viazi viwili vya jana. Chumvi kwenye kitunguu. Sufuria kavu kwanza. Nimeipua nikaiweka chini kwenye simenti nikamwaga mayai, yakawa yanashika taratibu naona kabisa yanavyokunjika. Nimerudisha motoni nimehesabu thelathini. HAKUNA MAJI. Yameshika kidogo chini upande mmoja ila yale ya kukwangua ndo nimegundua matamu zaidi.

Yule jirani wa sabufa kaja na mkate wake nusu anauliza kuna harufu gani hapa. Tumekula wote. Kapunguza mziki mwenyewe bila kuambiwa.

#27 Mama Wawili

Hongera! Sasa tunza hayo mafuta ya alizeti usimkaribishe kila siku

#28 FundiGrili

Safi sana dogo, umefuzu. Mimi jana nimejaribu uzile na ndimu, nikahamishia mayai kwenye bakuli la udongo kabla ya kuyafunga kwenye hotipoti. Saa tatu nimefungua saiti rangi ni ya njano kabisa kama ilivyotoka jikoni. Nimepiga picha nimemtumia mama watoto kikaango kisafishiwe jina.

Kajibu "sawa, na changu kiko wapi". Kwahiyo kuanzia kesho ni mayai sita.